Wasomaji wanne, maoni manne, na mswada uliokataliwa: nimsikilize nani?

*"Salaam mhariri. Nimeandika riwaya ya kurasa 310 za A4, imenichukua miaka mitatu. Inamhusu Mwanahawa, binti anayeishi Dar es Salaam, anarudi Pangani baada ya baba yake kufariki na kukuta shamba la minazi limeshauzwa na baba mdogo. Nimewapa watu wanisomee. Mwalimu wa Kiswahili anasema mazungumzo yamejaa lugha ya mtaani, niandike Kiswahili sanifu. Wenzangu wa kikundi cha uandishi cha WhatsApp wanasema mazungumzo ndiyo utamu wenyewe, ila maelezo ni mazito. Mhariri niliyemlipa shilingi 400,000 anasema nitupe sura tatu za kwanza nianzie ya nne. Dada yangu anasema mwanzo unapendeza ila mwisho umekimbizwa, tena ananiuliza baba mdogo aliuzaje shamba wakati mirathi haijafunguliwa. Nimeupeleka mswada kwa wachapishaji watatu. Mmoja alijibu kwamba ni mzuri ila 'hauendani na mahitaji yetu kwa sasa'. Wa pili ana miezi minane kimya. Wa tatu atachapa nakala 500 nikichangia shilingi 4,500,000, na atanipa mrabaha wa asilimia 10. Amenipa wiki mbili nijibu. Nina mwezi na nusu sijafungua faili, na usingizi hauji vizuri. Nimsikilize nani? Au niache tu?"*

Dada yangu, nimesoma barua yako na ukurasa uliouambatisha. Nitaanza na usingizi. Mwezi na nusu wa kulala vibaya si jambo la kuvumilia eti kwa sababu chanzo chake ni kitabu. Nenda kituo cha afya, mweleze daktari kama ulivyonieleza mimi. Na ikitokea siku ukaona maisha hayana maana, usingoje miadi: mwambie mtu wa nyumbani siku hiyohiyo akupeleke hospitali. Mswada hauozi. Kuufungia kwa muda si uzembe, kwa sababu mtu aliyetoka kukataliwa husoma kila maoni kama hukumu, na akishika kalamu katika hali hiyo hufuta hata vilivyokuwa vizuri.

Sasa swali lako. Umeliweka kama uchaguzi wa mtu: mwalimu, wenzako, mhariri au dada. Ukilitazama hivyo halina jibu, maana ukimfuata mmoja unamwasi mwingine, na ukiwafuata wote hutabaki na riwaya. Huhitaji kumchagua mtu. Unahitaji kutenganisha vitu viwili ambavyo kila msomaji huvisema kwa pumzi moja: mahali alipokwama, na dawa anayoipendekeza. Mgonjwa akisema "tumbo linaniuma, nipe dawa ya minyoo", daktari huamini nusu ya kwanza, ya pili anaichunguza. Msomaji naye anajua vizuri alipochoka, alipochanganyikiwa, alipoacha kuamini. Lakini sababu hubahatisha, na dawa huitoa kwenye kazi yake na mapenzi yake. Mwalimu atakupa dawa ya lugha. Mhariri wa muundo atakupa dawa ya kukata. Ndiyo maana maoni yanaonekana kupigana: zinazopigana ni dawa. Mahali penyewe wengi hukubaliana bila kujua.

Chukua daftari, chora safu nne: ukurasa, nani kasema, alihisi nini, alishauri nini. Ingiza kila maoni uliyopata, hata yaliyokuudhi. Aliyesema kwa ujumla, kama "maelezo ni mazito", mrudie umuombe akuonyeshe kurasa tatu. Ukimaliza, funika safu ya nne kwa karatasi usome zile tatu tu. Watu wawili au zaidi wakigusa kurasa zilezile, hata kama mmoja kasema "ongeza" na mwingine "futa", hapo pana tatizo na ni lazima ushughulike napo. Mahali alipogusa mtu mmoja peke yake paweke kando mpaka msomaji mwingine apaguse.

Kanuni hiyo ina mwiko mmoja mkubwa: ukweli wa mambo haupigiwi kura. Msomaji mmoja akikwambia basi haliwezi kufika saa hiyo, au mhusika alikuwa na mimba Januari na bado hajajifungua Desemba, huyo mmoja anatosha. Kwa hiyo, kati ya maoni yote uliyoniandikia, la thamani kuliko yote naliona ni swali la dada yako kuhusu mirathi, ambalo wewe umelitaja mwishoni kama usumbufu.

Nchini Tanzania mali ya marehemu husimamiwa na msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Kikao cha ukoo hupendekeza jina, lakini pendekezo la ukoo peke yake halimpi mtu mamlaka ya kuuza shamba. Kama baba mdogo aliuza kabla hajateuliwa, basi mauzo yenyewe yana mgogoro, mnunuzi naye yumo hatarini, na Mwanahawa ana silaha ambayo hadithi yako haijui kwamba anayo. Msomaji aliyewahi kushuhudia mirathi kwenye familia yake, na hao ni wengi, atakuwa akijiuliza kurasa zote kwa nini binti haendi mahakama ya mwanzo. Hapo hapo huenda ndipo ulipo ule mwisho "uliokimbizwa". Mara nyingi mwisho huonekana umekimbizwa hata ukiwa na kurasa za kutosha, kwa sababu pambano lililotakiwa kuuandaa halikuwekwa katikati. Kabla hujaongeza neno mwishoni, tafuta wakili au msaidizi wa kisheria, kaa naye saa moja ana kwa ana, umuulize: mtu akitaka kuuza shamba la marehemu kwa ujanja, hupitia njia gani, anahitaji sahihi za nani, na hujulikana vipi? Utatoka na sura tatu.

Tuje kwenye ugomvi wa lugha. Kwenye ukurasa uliouambatisha umeandika hivi, na nimepewa ruhusa yako kuunukuu:

*Mwanahawa aliingia sebuleni kwa marehemu baba yake akiwa na huzuni kubwa sana moyoni mwake. Alikumbuka jinsi baba yake alivyompenda tangu utotoni. "Oya shangazi, niaje? Hii shamba mmeuza lini, mbona hamkunishtua?" alisema kwa hasira kali.*

Mwalimu amekwama hapa kwenye mazungumzo, wenzako wamekwama hapahapa kwenye maelezo. Wote wako sahihi juu ya mahali. Lakini tatizo la "oya" hapa halihusu usanifu. Binti anayekuja msibani Pangani hamwingilii shangazi yake kwa "oya, niaje", hata akiwa amekasirika kiasi gani. Shikamoo itatoka tu, na namna itakavyotoka ndiyo itakayoonyesha hasira. Halafu "hii shamba" si lugha ya Pangani wala ya Dar es Salaam, huyu angesema "hili shamba". Kuhusu maelezo, umemwambia msomaji kuwa ana huzuni kubwa, ukamwambia kuwa ana hasira kali, na hakuna kitu hata kimoja cha kuona humo sebuleni. Jaribu kitu cha namna hii:

*"Shikamoo shangazi."*

*"Marahaba. Umekuja na basi la saa ngapi?"*

*Mwanahawa hakujibu. Ukutani, pale ilipokuwa picha ya baba, ulibaki msumari.*

*"Shamba mmeuza lini?"*

Mwalimu hana cha kusahihisha, wenzako hawana uzito wa kulalamikia, na hukumtii yeyote kati yao. Lugha ya mtaani usiifute yote. Mwanahawa akimpigia simu rafiki yake wa Temeke, "oya" na "mbona hukunishtua" ni mahali pake kabisa, tena ile tofauti ya anavyoongea na shangazi na anavyoongea na rafiki itamfanya awe mtu kamili.

Ila nyuma ya maneno ya mwalimu kuna jambo zito ambalo hakulisema, nalo litaathiri safari yako yote: unamwandikia nani? Wachapishaji wengi wa Afrika Mashariki huishi kwa vitabu vya shule. Tanzania kitabu kikitaka kuingia shuleni hupita Taasisi ya Elimu Tanzania, Kenya hupita KICD, taasisi ya mitaala ya huko, na kote kuwili lugha na maudhui hutazamwa kwa jicho la mwanafunzi. Kama unaota riwaya yako isomwe sekondari, masimulizi lazima yawe ya Kiswahili sanifu kilichonyooka, na kama kuna vituko vya chumbani vitakukwamisha mapema. Kama unawaandikia watu wazima, una uhuru mkubwa zaidi lakini wachapishaji watakaojitosa ni wachache, kwa sababu riwaya isiyo na soko la shule huuza polepole. Njia zote mbili ni za heshima. Kinachoharibu ni kufuata ushauri wa njia moja huku umeshika nyingine.

Kuhusu mwanzo, mhariri na dada yako hawapingani. Sura zinaweza kuwa na lugha ya kupendeza na hapohapo kusiwe na kinachotokea. Usizitupe, usizitetee, zipime. Mpe sura ya nne msomaji mpya ambaye hajui chochote kuhusu riwaya, aendelee mpaka ya saba, kisha muulize ni mambo gani alihitaji kujua akayakosa. Atakayoyataja ndiyo ya kuyaokoa kutoka sura tatu za kwanza, uyapenyeze kidogokidogo mbele ya safari. Asiyoyataja yalikuwa ya kwako wewe, ya kukusaidia kumfahamu Mwanahawa. Msomaji huyo lazima awe mpya. Aliyekwisha kusoma toleo la kwanza hawezi kukusaidia kupima la pili, maana kumbukumbu yake huziba mapengo. Ndiyo maana hushauriwi kumwaga mswada kwa watu wote siku moja: wape watatu, rekebisha, kisha wape watatu wengine.

Nao usiwaulize "umeionaje?" Swali hilo huzaa sifa au ukosoaji wa jumla. Uliza: Uliacha kusoma ukurasa gani kwa mara ya kwanza, hata kama ulirudi? Ni wapi ulilazimika kurudia? Ni mhusika gani uliyemchanganya na mwenzake? Ulipofika nusu, ulidhani nini kitatokea?

Sasa kuna jambo ambalo hakuna aliyekwambia, na nadhani limekugharimu kuliko yote. Kurasa 310 za A4. Ukurasa wako ulioniambatishia una nafasi moja kati ya mistari, na una maneno karibu 450. Kama kurasa zote ziko hivyo, una maneno kama 140,000. Ukurasa wa kitabu cha kawaida cha A5 hubeba maneno 250 hivi ya Kiswahili, kwa sababu maneno yetu ni marefu. Hicho ni kitabu cha kurasa zaidi ya 500, wakati riwaya nyingi za Kiswahili zilizoko dukani hazifiki hata nusu ya hapo. Kila ongezeko la kurasa ni karatasi, ni bei kupanda, na ni mnunuzi kurudisha kitabu rafuni. Mhariri wa kampuni huona idadi hiyo kabla hajasoma aya ya kwanza. Wasomaji wako hawakuiona, huenda kwa sababu ulikuwa ukiwatumia sura mojamoja kwenye simu. Lenga maneno 70,000 mpaka 80,000. Ni kukata karibu nusu, najua inauma, lakini kuanzia sura ya nne na kuondoa sentensi zinazorudia hisia ambayo tendo limeshaionyesha kutakufikisha mbali. Kuanzia leo taja urefu kwa maneno, usitaje kurasa.

Hapo ndipo tunaweza kusoma majibu ya wachapishaji. Kukataliwa kuna ngazi, na swali la kwanza ni hili: walisoma kiasi gani? Kwa kawaida mhariri hupitia barua, muhtasari na kurasa chache. Ukivuka hapo, mswada hupewa msomaji wa nje aandike ripoti. Ukivuka na hapo, hujadiliwa pamoja na watu wa mauzo na fedha. Aliyekukatalia kwenye hatua ya barua hajasema lolote juu ya riwaya, maana hakuisoma. Rekebisha barua, muhtasari, urefu, au kampuni unayoipelekea. Aliyeomba mswada mzima kisha akaukataa, huyo maoni yake yaombe kwa adabu, kwa sentensi mbili, na akikujibu yaingize kwenye daftari lako. Aliyefika kwenye kikao cha fedha na kukwama huko anakwambia habari za soko. "Hauendani na mahitaji yetu kwa sasa" ni maneno ambayo kampuni humwandikia kila mtu, usiyachimbe kutafuta maana iliyofichwa. Na yule wa miezi minane mhesabu amekataa. Siku nyingine kumbushia kwa barua pepe fupi baada ya miezi mitatu, ikifika sita songa mbele.

Usibishane na anayekataa. Usiwapelekee wachapishaji kumi kwa mpigo pia, kwa sababu mswada uliokataliwa ni vigumu kuurudisha mlango uleule. Wapelekee watatu au wanne, waambie wazi kuwa umewapelekea na wengine, waliobaki waweke akiba kwa toleo litakaloboreshwa. Kifurushi kiwe barua ya ukurasa mmoja (hadithi inamhusu nani, inamlenga nani, ina maneno mangapi), muhtasari wa kurasa mbili unaosema mpaka mwisho bila kuficha, na sura tatu za kwanza zenye nafasi mbili kati ya mistari na namba za kurasa. Kabla ya kutuma, ingia duka la vitabu uangalie kampuni hiyo imetoa riwaya gani za Kiswahili miaka mitano iliyopita. Kama hutaona hata moja, umeokoa miezi minane.

Tuzo nazo ni mlango. Tuzo ya Kitaifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayoratibiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, ilitolewa kwa mara ya kwanza Aprili 2023, na ile ya Kiswahili ya Safal-Cornell, iliyoanza kwa jina la Mabati-Cornell, hupokea hata miswada ambayo haijachapishwa. Soma masharti ya mwaka husika neno kwa neno, hasa urefu. Usitegemee tuzo ikupe maoni: asiyeshinda kwa kawaida haambiwi sababu.

Kabla hujamlipa mhariri mwingine, jua unanunua nini. Kuna uhariri wa muundo, unaogusa hadithi yenyewe. Kuna uhariri wa lugha. Kuna kusoma prufu, yaani kusaka makosa madogo kwenye nakala ya mwisho kabla ya kuchapwa. Huendi kwenye wa pili kabla ya kumaliza wa kwanza, maana utalipia kusafisha kurasa zitakazofutwa. Muombe ahariri kurasa kumi kwanza ndipo mkubaliane bei. Na shilingi 400,000 uliyolipa ilipaswa kukuletea ripoti ya maandishi yenye kurejelea kurasa, si sentensi moja ya "anzia sura ya nne". Una haki ya kurudi kuidai.

Imebaki ofa ya yule wa tatu. Kuchangia gharama peke yake si utapeli. Watu hujichapishia na wengine hufanikiwa. Lakini hebu tupige hesabu. Shilingi 4,500,000 kwa nakala 500 ni shilingi 9,000 kwa nakala, maana yake gharama yote umeibeba wewe. Tuseme kitauzwa shilingi 15,000. Mrabaha wa asilimia 10 ni 1,500 kwa nakala. Zikiuzwa zote 500, utapata 750,000, na 3,750,000 yako haitarudi. Mrabaha ni malipo ya mwandishi pale mchapishaji anapohatarisha fedha zake. Hapa fedha iliyo hatarini ni yako.

Hata ukijichapishia, nakala zote zikiwa zako, duka likichukua asilimia 35 unabaki na 9,750, faida ni shilingi 750 kwa nakala kabla ya nauli ya kusafirisha maboksi. Ukiuza mkono kwa mkono kwa 15,000 faida ni 6,000. Kwa hiyo swali la kujichapishia ni hili: wewe mwenyewe, kwa majina, unawajua watu wangapi watakaonunua? Wakiwa 60, chapa nakala 100 kwa mchapaji anayekubali idadi ndogo, ISBN (namba ya kukitambulisha kitabu) uiombe mwenyewe Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania, haki zote zibaki kwako.

Na kuna kingine kinachonitia shaka. Mtu huyu amekubali kitabu cha kurasa zaidi ya 500 bila kuomba ukate hata moja na bila kukuuliza mirathi ilikwendaje. Mchapishaji aliyesoma hawezi kunyamazia hayo. Usimjibu ndiyo wala hapana. Mwandikie umuulize: nakala 500 zikishachapwa ni mali ya nani? Nani atasambaza, na katika maduka yapi kwa majina? Nani atahariri, na kwa hatua zipi? Haki za mswada zitakuwa mikononi mwake kwa miaka mingapi, na zitanirudia kwa masharti gani? Akijibu, peleka majibu na rasimu ya mkataba kwa wakili kabla ya kutia sahihi au kutuma hata shilingi moja. Asipojibu, ziache zile wiki mbili zipite.